Shingo ya Tatu

Kitu cha kwanza alichokiona Emiliana kilikuwa kikombe. Kaka yake Gerson alikuwa amekaa juu ya tairi anakunywa chai, na kikombe cha bati alikishika ubavuni penyewe, si kwenye mkono wa kikombe. Chai hiyo ilikuwa imetoka jikoni muda huohuo. Emiliana alikuwa ameibeba kwa pindo la kanga, na bado ilimchoma. Alivitazama vidole vya kaka yake, akasubiri avitoe. Hakuvitoa. Gerson aliendelea kupiga soga na wateja, kikombe kikimfukiza mvuke usoni, na Emiliana akainama kuosha nati zake.

Huo ulikuwa mwezi wa tatu. Kufikia mwezi wa tano alikwishaona na mengine. Gerson alikuwa akitia mkono mfukoni kutafuta funguo, kisha anautoa mtupu na kuchungulia kwa macho. Alijikata kidole na bati, akajua pale tu alipoona damu kwenye tambara. Dumu lake la maji ya kunywa la lita tano lilikwisha kabla ya adhuhuri. Siku moja Emiliana alipokuwa akifua suruali ya kaka yake alikuta karatasi ya zahanati imekunjwa mara nne. Shule aliiachia darasa la tano, lakini kusoma alijua. Karatasi ilisema sukari. Aliikunja vilevile mara nne, akairudisha mfukoni suruali ilipokauka.

Hakusema. Kwanza, hakuwa msemaji. Pili, jambo lenyewe halikuwa la kusemwa, kwa sababu gereji ile yote ilisimama juu ya kidole gumba cha Gerson.

Gereji ilikuwa Nkuhungu, kiwanja kilichozungushiwa mabati chakavu, na mwarobaini mmoja wa kufungia winchi ya kunyanyulia injini. Gerson hakuwa na vipimo vya maana. Alikuwa na ukucha wa kidole gumba cha kulia, aliouacha urefuke kidogo, akiusawazisha kwa wembe kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani. Injini ikifunguliwa, vyuma vikaoshwa na kukauka, alifumba macho akapitisha ukucha ule juu ya chuma polepole, kama mtu anayepapasa uso wa mtoto aliyelala. Ukikwama mahali, chuma kilikwenda mjini kwa Abubakari, mchonga vyuma mwenye mashine. Ukiteleza, chuma kilirudi ndani ya injini. Na ukucha ulipokuwa ukipita, gereji nzima ilinyamaza. Redio ilizimwa, na hata mteja mwenye simu inayoita alitoka nje ya mabati. Madereva kutoka Kondoa na Chemba walikuwa wakisema kwamba mafundi wengine wanapima, Gerson anasikiliza.

Basi mwezi wa sita, upepo ulipoanza kuvuma, akaja Luka.

Luka alikuwa mtu wa Busi, dereva na mwenye lori lake mwenyewe, la tani saba, alilolinunua mnadani likiwa limekwisha kutumikia watu watatu kabla yake. Kazi yake ilikuwa kushusha alizeti na mahindi kutoka Busi mpaka Dodoma. Lori liliingia langoni linatoa moshi wa buluu, likazimika lenyewe kabla hajalizima.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Nimekusikia tangu njia panda. Hilo lori au mgonjwa wa pumu?"

"Ndiyo maana nimemleta hospitali." Luka alishuka, akavua kofia. "Fundi, nimeaibika. Ule mlima wa nyumbani, nikiwa na mzigo, wanawake wenye ndoo za maji kichwani wananipita. Na si kunipita tu. Wanageuka, wananipungia mkono."

Gerson alicheka mpaka akakohoa. Akamgeukia dada yake, akamwambia kwa Kisandawe, lugha yao ya kugongesha ulimi, alete ndoo ya kumwagia oili. Luka akajifanya kushtuka, akakimbilia boneti na kuitegea sikio.

"Kumbe ni nyie! Mkiongea lugha yenu, mimi najua valvu zinagonga."

Emiliana alificha mdomo kwa kanga. Watu walioweza kumchekesha walikuwa wachache, na Luka alikuwa mmoja wao. Alimwamkia kila mara kwa jina lake, wakati wengine walimwita Wewe wa Kuosha.

Walikaa kwenye matairi kupanga matengenezo. Luka hakutaka injini ipone tu, alitaka iwe na nguvu kuliko ilivyotoka kiwandani. Wanunuzi wa alizeti walikuwa wameanza kumkwepa, maana lori lake lilifika sokoni wakati bei imekwisha kushuka. Msimu ule ukimpita, alisema, angeliuza kwa wauza vyuma chakavu na kurudi jembeni. Gerson akamweleza: pistoni mpya na ringi mpya, hilo halina mjadala. Kisha pampu ifunguliwe kidogo ili injini inywe dizeli zaidi. Kisha itafutwe tabo iliyotumika, kile kikonokono cha chuma kinachosukumia injini hewa, maana dizeli bila hewa ni moshi mtupu.

"Na krenki," Gerson akasema. Krenki ndiyo mhimili wa chuma ulio chini ya injini, wenye mabega na shingo, unaozungushwa na pistoni zote. "Mtu ukimwongezea mzigo, unamtazama mgongo kwanza. Krenki hii ni ya zamani. Ingefaa ipelekwe kwa Abubakari aipime kwenye mashine yake."

Luka alikuna kichwa. "Fundi, nikiipeleka kwa Abubakari, tabo sinunui. Nikinunua tabo, kwa Abubakari siendi. Sina njia ya tatu." Akakitazama kidole gumba cha Gerson. "Na kwa nini niende kwa mashine wakati ukucha wenyewe uko hapa? Nani kama wewe?"

Emiliana, aliyekuwa akifungua boliti za chini, aliacha kufungua. Alimwona kaka yake akikiingiza kidole gumba ndani ya ngumi, kama mtoto.

"Haya," Gerson akasema. "Nunua tabo."

Siku mbili baadaye injini ilikuwa chini, vipande vyake vimepangwa juu ya magunia. Emiliana aliiosha krenki mara tatu kwa mafuta ya taa, akaifuta kwa tambara kavu, akailaza juani. Upepo ukavuma, ukaifunika kwa vumbi jembamba. Aliporudi kuipangusa, aliona uzi mweusi kwenye shingo ya tatu, pale inapokutana na bega. Krenki yote vumbi lilikuwa kavu, isipokuwa hapo. Hapo lilikuwa limelowa. Akafuta, akasubiri. Uzi ukarudi polepole, kama jasho linavyorudi juu ya mdomo. Mafuta ya taa yalikuwa yamejificha ndani ya chuma, na chuma kizima hakina mahali pa kuficha mafuta.

Akapitisha ukucha wake. Ulikwama, kidogo sana, kama unavyokwama kwenye uzi wa nguo uliofumuka.

Alikaa pale amechuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi. Alitaka kumwita kaka yake, lakini Gerson alikuwa akija tayari, na Luka nyuma yake, tabo imefungwa kwenye mfuko wa mbolea kama zawadi. Redio ikazimwa. Luka akavua kofia. Gerson akapiga magoti, akafumba macho, akaanza shingo ya kwanza. Akapita ya pili. Kwenye ya tatu ukucha ulikwenda kutoka bega hadi bega, ukapita juu ya ule uzi, na Emiliana aliusikia ukikwama. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo kuliko ya mchwa. Uso wa Gerson haukubadilika. Akaenda ya nne, mpaka ya mwisho.

"Laini kama yai," akasema, akasimama. "Krenki yai kabisa."

Luka alipiga makofi mara moja. Emiliana alikuwa na tambara mkononi. Kumpinga kaka mbele ya mteja, tena wakati wa ukucha, ni jambo ambalo hakuwahi kuliona likifanywa na mtu yeyote, sembuse yeye. Aliinama akapangusa shingo ya tatu, ingawa ilikuwa imekwisha kupanguswa.

Jioni ile, Luka alipokwisha kuondoka, Gerson alimkuta akisonga ugali nyuma ya stoo ya vipuri, ambamo Emiliana alilala. Alisimama akijisugua kidole. Kisha akamwambia kwa Kisandawe, kwa sauti ya chini:

"Mdogo wangu. Ile shingo ya tatu. Wewe umeiosha. Umeona kitu?"

Emiliana hakugeuka. Alielewa anaulizwa nini. Kaka yake alikuwa akiazima vidole.

Na palepale, mwiko ukiwa ndani ya sufuria, akaviona vyote viwili. Aliona lori la Luka. Na aliona Kwa Mtoro, nyumbani kwa mke wa baba yake, alikotolewa shule ili alee watoto wasio wake. Mto wa mchanga ambako unachimba shimo mpaka kiunoni, unakaa ndani na kibuyu, unasubiri maji yatoke tone kwa tone huku wenzako wamesimama juu wanakuhimiza. Wiki mbili zilizopita Gerson alikuwa amemwambia, kama mzaha, "Siku mkono huu ukinigomea, tunafunga mabati, tunarudi kulima. Mimi nitapata cha kufanya. Wewe utarudi kwa mama yako wa kambo." Hapa Nkuhungu alikuwa na godoro lake, kufuli lake, na kazi ambayo mikono yake iliijua kuliko ilivyowahi kuyajua maandishi.

"Sijaona kitu, kaka," akasema. "Ni nzima."

Gerson alishusha pumzi. "Ahsante," akasema, neno ambalo hakuwa na kawaida ya kumwambia. Akaenda kunawa.

Injini ikafungwa. Siku ya kuiwasha ilikohoa mara mbili, ikashika, na tabo ikaanza kupiga mluzi mwembamba uliowafanya majirani wachungulie juu ya mabati. Luka alilipeleka lori mpaka barabara ya Kondoa na kurudi, akashuka anacheka peke yake.

"Fundi, hii si lori. Hii ni hasira."

"Usiifundishe ujeuri," Gerson akamwambia. "Na mzigo usizidishe."

"Mimi? Nizidishe?"

Siku tatu baadaye alipiga simu kutoka juu ya mlima wa Busi. Gerson aliweka sauti kubwa ili wote wasikie. "Fundi! Mlima niliokuwa nautambaa kwa gia ya kwanza leo nimeupanda kwa ya tatu. Wale mama wa ndoo nimewapita. Na mimi nimewapungia." Mwishoni mwa wiki akaleta debe la alizeti na jogoo. Emiliana alimchinjisha jogoo yule kwa jirani, akampika, akashindwa kula. Alisema tumbo linamsumbua.

Wiki zikaenda. Usiku alikuwa akiamka na kujiambia kwamba chuma nacho kinavumilia. Mbona watu wanatembea na magonjwa miaka mingi? Lori lilikuja na kwenda. Kila lilipoingia langoni aliitegea injini sikio, na kila lilipotoka alihesabu siku mpaka lirudi. Mara mbili Luka alimkuta amesimama karibu na boneti, akamwuliza, "Emiliana, unaongea nalo? Linajua Kisandawe?" Mara zote mbili alifungua mdomo. Mara zote mbili alisema, "Safari njema, kaka Luka."

Krenki ilikatika Alhamisi moja ya mwezi wa saba, saa nne asubuhi, katikati ya mlima. Waliokuwa juu ya magunia walieleza baadaye kwamba ulisikika mlipuko kama wa jiwe kwenye moto, kisha mluzi wa tabo ukafa. Lori likasimama. Halafu likaanza kurudi nyuma. Gia haikushika kitu, maana injini ilikuwa imekatika uti wa mgongo, na breki za upepo zilishika kidogo zikaachia. Luka alitoa kichwa dirishani akapiga kelele warukie upande wa mlima, na wakaruka, wanne. Yeye hakuruka. Nyuma yake, chini, watoto wa shule walikuwa wanapanda njiani, na alikata usukani kuelekea korongoni.

Walimzika Busi. Gerson alikwenda, Emiliana akabaki kulinda gereji. Alishukuru kubaki, kisha akajichukia kwa kushukuru.

Watu walisema mzigo ulizidi. Walisema madereva wa siku hizi wana tamaa. Hata Nkuhungu pale kwenye matairi walisema hivyo, na Gerson aliposikia aliitikia kwa kichwa, hakuongeza neno. Lakini baada ya mazishi lori lilivutwa mpaka gereji, kwa sababu mjane, Ruthu, alitaka kuuza kilichobaki, na vipande vilipotolewa Abubakari mchonga vyuma aliitwa aje aseme kipi kinafaa.

Alikuja Jumamosi. Ruthu alikuwepo, amevaa nguo nyeusi, pamoja na Deusdedit, mdogo wa marehemu Luka. Abubakari aliinua kipande cha krenki kwa mikono miwili, akakigeuzia jua, akakitazama pale kilipokatika. Alikitazama muda mrefu mno.

"Mzee Abubakari," Deusdedit akasema, "sema. Sisi si watoto."

"Tazameni wenyewe. Nusu hii inang'aa, imekatika siku ile ya ajali. Nusu hii nyeusi. Hapa oili imekaa miaka. Huu ufa ulikuwemo kabla injini haijafungwa." Akakiweka chini taratibu, hakumtazama Gerson. "Kwa mzigo wa kawaida na nguvu ya zamani, krenki ingeweza kwenda hata miaka miwili. Kwa nguvu mpya haikuweza."

Upepo uligongagonga mabati. Deusdedit ndiye aliyemgeukia Gerson, bila kupaza sauti.

"Fundi, kaka yangu alikuwa anasema ukucha wako haukosei. Ulipita hapa au hukupita?"

Emiliana alikuwa amesimama kando ya karai lake la mafuta ya taa. Alingoja kaka yake aseme kwamba ni mzigo ulizidi. Gerson alikaa juu ya tairi kama mzee. Akanyoosha mikono yake mbele, viganja juu.

"Nilipita," akasema. "Sikusikia. Vidole hivi havisikii tangu mwaka jana. Ni sukari. Nilijua, nikaficha, kwa sababu fundi asiyesikia ni nani? Luka aliniamini, nami nikamwambia ni yai. Nifanyieni mtakavyo. Twendeni polisi hata sasa hivi."

Deusdedit alimwangalia kama anayetafuta mahali pa kumpiga na hapaoni. Ruthu alianza kulia kimya, machozi tu, uso umetulia.

"Na huyu?" Deusdedit akauliza, akimwonyesha Emiliana kwa kidevu. "Si ndiye aliyekuwa anaosha?"

"Huyo mwacheni," Gerson akasema upesi. "Hajui kitu. Kazi yake kuosha tu. Ni mimi peke yangu."

Hakumtazama aliposema hivyo. Alikuwa akiyatazama mafuta yaliyomwagika chini, na Emiliana akaelewa kwamba kaka yake anakumbuka ile jioni neno kwa neno, na kwamba hataitaja mpaka anaingia kaburini. Pale pale mambo yangeweza kwisha. Wangeondoka na Gerson, yeye angefunga lango.

"Aliniuliza," Emiliana akasema.

Sauti ilitoka ndogo, lakini kila mtu aliisikia.

"Emiliana," Gerson akasema kwa Kisandawe, "nyamaza."

"Kaka aliniuliza kama nimeona kitu," akaendelea kwa Kiswahili. "Nilikuwa nimeuona ufa. Mafuta ya taa yalitoka ndani yake, nikapitisha ukucha wangu ukakwama. Aliponiuliza, nikasema ni nzima."

Abubakari alisema jina la Mungu kwa sauti ya chini. Deusdedit alipiga hatua moja, lakini Ruthu alimshika mkono. Alimsogelea Emiliana mpaka akasimama mbele yake, akajifuta machozi kwa kiganja. Alikuwa mwanamke mwenye huruma. Hata siku ile huruma ilikuwa haijamwishia.

"Mdogo wangu," akasema, "sisi wanawake tunajua. Ungemwambiaje kaka yako kwamba vidole vimekufa? Ulimwonea aibu. Ulimheshimu. Mimi mwenyewe ningenyamaza."

Alikuwa amemfungulia mlango. Emiliana alihitaji tu kuitikia kwa kichwa, na wote wangekubali, pengine hata Deusdedit. Wote walimjua kuwa ni mpole, msichana wa aibu asiyemtazama mtu usoni. Aliinua macho akamtazama Ruthu usoni.

"Hapana, dada Ruthu. Tulikuwa wawili tu, hapakuwa na wa kumwonea aibu. Na kaka alitaka kuambiwa. Nilijua nikisema, gereji itafungwa, na mimi nitarudishwa Kwa Mtoro. Nilijua ile krenki itakatika na kaka Luka akiwa ndani. Nikamtazama yeye, nikajitazama mimi, nikajichagua mimi."